Mgomba Uliozikwa Badala ya Mama

Mama yangu ana kaburi lake Kianjokoma, na mwenyewe yu hai, anapalilia kahawa hatua chache kutoka hapo. Kaburi hilo nililichimbisha mimi. Nalisema mapema ili asitafutwe mtu mwingine wa kulaumiwa, maana nimeshamtafuta sana mtu huyo na sikumpata.

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na mji wa Meru. Nimepanga chumba mtaa wa Majengo, nyuma ya bucha, na wikendi nyingi huteremka Embu, hadi Kianjokoma, kumwona mama. Kwa dhambi zangu nilikabidhiwa pia chama cha maigizo. Zamani tulipeleka ngonjera na michezo ya jukwaani kwenye mashindano ya shule, lakini siku hizi shule hupeleka hata filamu. Mwalimu mkuu aliposikia shule jirani imeshinda kwa filamu, aliniita ofisini akaniambia nasi tutengeneze yetu, tena iwe ya kuliza watu. Alisema hivyo kama mtu anayeagiza chai.

Nikaenda nikaandika. Ilikuwa hadithi ya mama mjane anayeambiwa na daktari kwamba moyo wake umechoka na siku zake ni chache. Anarudi nyumbani na kuanza kuviona vitu alivyokuwa akivipita tu: umande kwenye majani ya viazi, joto la kikombe cha uji, kuku wakigombania kivuli. Mwishoni anakufa, na watoto wake wanasimama kaburini wakijuta. Nilimtia mdomoni maneno mazito kuhusu kuuthamini uhai, nikayasoma kwa sauti chumbani kwangu, nikajipongeza. Ningeweza kuandika figo. Ningeweza kuandika kisukari. Niliandika moyo, na mpaka leo sijui ni kwa nini.

Msichana niliyempa nafasi ya mama alijifunga kitambaa kichwani, akashika bakora, akaanza kutetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Wenzake walicheka mpaka nikafunga mazoezi kwa hasira. Ndipo nikamkumbuka mama yangu.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama. Mimi ni wa pili, kwa hiyo nina jina la nyanya yangu, na mama hajawahi kulitamka hata mara moja, kwa sababu mtu hamwiti mzazi wake kwa jina. Ananiita Mama. Aliniita Mama nikiwa wa kunyonya, na aliponichapa kwa kuvunja chungu alisema, "Mama, lala chini." Watu wa nje huona ni kichekesho. Sisi tumezaliwa tukaikuta, na mimi niliizoea kiasi kwamba sikuisikia tena.

Nilipomweleza kuhusu filamu na kumwomba aigize yule mjane, aliuliza swali moja tu.

"Na huyo mtu anakufa?"

Nikamwambia ni maigizo, si kitu.

Akatazama moto kidogo. "Sawa, Mama. Kama ni wewe unasema."

Tulianza kupiga picha mwezi wa pili, Jumamosi na Jumapili, katika zahanati ya zamani ambayo haitumiki tena. Madirisha yake mawili hayakuwa na vioo, na ukungu uliingia ukatoka upendavyo, maana Kianjokoma iko karibu na msitu na asubuhi zake ni za baridi. Wanafunzi wangu walipanga kitanda, shuka na chupa ya maji ya chumvi iliyoning'inia bila kwenda popote. Kwa sehemu ya daktari nilimbembeleza daktari wa kweli, mzee mpole mwenye kliniki pale sokoni. Alikuja na koti lake jeupe na chombo chake mwenyewe cha kusikilizia moyo.

Sehemu yake ilikuwa fupi. Asikilize moyo wa mgonjwa kwa sekunde mbili, ainue kichwa, aseme, "Mama, tuketi tuongee."

Akaweka chombo kifuani pa mama. Sekunde mbili zikapita, na yeye hakuinua kichwa. Akakisogeza kidogo kushoto. Akamwambia mama ainame mbele, neno ambalo halikuwemo kwenye skripti yangu. Akafumba macho. Nilitaka kupiga kelele wasimamishe kamera, kisha nikaona jinsi mwanga wa dirishani ulivyomwangukia usoni, nikanyamaza. Chumba kizima kilinyamaza. Nje kulikuwa na mtu akipasua kuni, naye pia akaacha. Mama alikuwa akimtazama daktari usoni, kwa karibu sana, bila kupepesa.

"Mama," daktari akasema mwishowe, "tuketi tuongee." Ile sauti haikuwa ya kuigiza.

Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Baadaye daktari aliniita kando, karibu na tangi la maji. Aliuliza kama huyu ni mama yangu wa kunizaa, nikasema ndiyo.

"Basi hiyo acting tuwache kando, Mwalimu," akasema. "Kuna valvu ya moyo haifungi vizuri. Nimeisikia ikivuja. Mpeleke wapige picha ya moyo, na usikawie."

Nilimshukuru. Nilisimama pale kwenye tangi nikihesabu siku, na sitajifanya nilihesabu siku za mama. Nilihesabu za filamu. Ilibaki wikendi moja ya kupiga sehemu ya mazishi, na mama akiambiwa habari hii, nani angemshawishi akubali kuzikwa? Nikaamua nitamwambia tukimaliza. Wiki moja tu, nikajiambia, moyo uliovuja miaka yote hii hautashindwa na wiki moja.

Jumamosi iliyofuata niliita wanaume wawili ambao huchimba makaburi pale kijijini. Nilitaka kaburi la kweli, kando ya kaburi la baba, penye mteremko, ili milima ionekane nyuma. Mmoja aliuliza ni la nani. Nikamwambia la filamu. Akaweka jembe chini akanieleza, kwa adabu ya kumweleza mwalimu, kwamba kaburi likishachimbwa haliachwi wazi wala halifukiwi tupu. Kama hakuna mtu wa kulala mle, kama ilivyo kwa wale waliopotelea mbali na miili yao haikurudi, basi shina la mgomba hulazwa mahali pake na kuzikwa kama mtu. La sivyo shimo litajitafutia mtu. Nikasema vyema, tutazika mgomba, migomba iko tele hapo nyuma ya nyumba, tuanze kazi kabla jua halijapotea.

Shangazi, dada ya marehemu baba, alikuja akasimama nje ya uzio wala hakutia mguu ndani.

"Lisemwalo lipo," aliniambia, "na kama halipo laja."

Nikamjibu kwamba hii ni sanaa. Nilimjibu hivyo mbele ya wanafunzi wangu, kwa ile sauti yangu ya darasani, na nilijisikia msomi.

Walichimba hadi kiunoni, wakakuta mwamba upande wa kichwani. Nikawaambia inatosha, kamera haioni chini. Majirani walikuja wengi kuliko niliowaalika, wamevaa nguo zao za mazishi, kwa sababu hata mazishi ya uongo yana uji na gumzo. Kwaya ya kanisa ilikuja. Tulikuwa na sanduku refu la mbao, tumelifunika kitambaa cheupe. Saa nane mchana ukungu ukashuka kutoka upande wa msituni, ukaficha milima niliyoihangaikia, ukaja mpaka kwenye miguu ya watu. Nilifurahi mno. Niliwaambia waimbe, waendelee kuimba, wasiache.

Tulipomaliza, wanaume wakatoa sanduku, wakaingia shambani wakang'oa mgomba mchanga mzima pamoja na kitako chake, wakaulaza shimoni. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani kutazama picha. Mvua ilianza, nao wakafukia haraka haraka. Mama ndiye aliyesimama pale mpaka sepetu ya mwisho. Aliingia na matope miguuni, akakaa kwenye kiti chake, akasema, "Wamemaliza, Mwalimu."

Mwalimu. Nilidhani ni utani wa siku hiyo, kwa kuwa kila mtu alikuwa akiniita hivyo.

Kesho yake asubuhi, tukinywa chai, nikamwambia aliyoyasema daktari. Niliyasema polepole, nimeyapanga vizuri. Mama alisikiliza huku akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Nilijua," akasema. "Aliposhika kile kitu kifuani niliona macho yake. Nikangoja uje uniambie." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Jumamosi hiyo hukuniambia. Jumapili hukuniambia. Uliponiambia wachimbaji wanakuja, nikasema moyoni, labda ataniambia kabla hawajaanza. Ulijua, Mwalimu, na ukachimba."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huu ulikuwa wangu. Nilimwomba msamaha, akasema haya. Nikamwambia twende hospitali wiki ileile, akasema hapana. Hakukataa kwa hasira. Alisema mtu hazikwi mara mbili, yake yameisha, kwaya imeimba, watu wamekula wakaenda zao, sasa nimwache apumzike.

Nilirudi Meru. Siku chache baadaye mwanafunzi aliyekuwa akiunganisha picha kwenye kompyuta alikuja kunigongea mlango wa chumba cha walimu. Hakutaka kusema ni nini, alitaka nije nione. Alinionyesha ile sehemu ya mazishi. Kwaya inaimba, ukungu unaingia, sanduku linashuka. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya juu ya skrini. Nyuma ya waombolezaji, ameshikilia leso, amevaa ileile sweta ya bluu aliyokufa nayo kwenye kitanda cha zahanati, alikuwa mama yangu. Alikuwa akitazama kaburini na mdomo wake unaimba.

Hakuna aliyemweka pale. Nilimwambia abaki jikoni mpaka tumalize. Niliporudi nyumbani nilimuuliza alifuata nini kwenye mazishi yake mwenyewe, na ilibidi nikae chini nilipoisikia sauti yangu ikiuliza.

"Waliimba vibaya," mama akajibu. "Sauti ya pili haikuwepo. Nikaona haifai nizikwe namna hiyo, nikaingia kusaidia."

Hatukuweza kuiondoa ile picha, maana hatukuwa na nyingine. Filamu ikaenda mashindanoni na mama akiwa marehemu na mwombolezaji. Tulipata nafasi ya pili. Mmoja wa waamuzi alisifu mambo mawili: kile kimya kirefu cha daktari, na ile akili ya kumweka marehemu kati ya watu wanaomzika. Akasema anataka kumpa mkono mwandishi. Nilimpa mkono, nao ulikuwa baridi mpaka akaniuliza kama ni mgonjwa. Tukapewa cheti na saa ya ukutani. Saa hiyo nilimpelekea mama, akaitundika sebuleni.

Kijiji nacho kikabadilika. Hakuna aliyemtenga, siwezi kusema hivyo, lakini pale sokoni mwanamke aliyezoea kumpa viazi mkononi sasa aliviweka chini, aviokote mwenyewe. Watu walimsalimia wakiwa mbali kidogo. Mbwa wetu alihamia kaburini. Alilala juu ya ule udongo mpya mchana kutwa, na mtu akimfukuza alizunguka nyumba mara moja na kurudi. Mama alianza kugawa vitu vyake. Kuku alimpa jirani, kitenge chake kizuri akakipeleka kwa shangazi, naye shangazi akakipokea kwa vidole viwili.

Ugonjwa ukaja kama nilivyouandika. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Kwenye skripti nilikuwa nimesema mama atavimba miguu, ikavimba. Nilikuwa nimesema atalala ameketi, amezungukwa na mito, kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Nilimkuta ameketi hivyo hivyo, na mto wenye maua upande uleule wa kushoto. Asubuhi moja nilimkuta mlangoni na kikombe cha uji, amekishika kwa mikono miwili, anatazama umande kwenye majani ya viazi. Ilikuwa sehemu ya nne ya filamu yangu, neno kwa neno, ila hapakuwa na kamera. Nilitaka kumnyang'anya kile kikombe. Nilimwuliza kwa ukali anafanya nini.

"Nakunywa uji," akasema. "Kwani umekatazwa?"

Nilimsihi. Nilimletea daktari wa sokoni, akamsihi. Mchungaji alimwombea, kisha akamwambia Mungu hufanya kazi hata kwa mikono ya madaktari. Shangazi akasema bila mbuzi wa kumtoa mama kaburini hakuna hospitali itakayosaidia, mchungaji akasema mbuzi huyo hatachinjwa mpaka yeye mchungaji ahamishiwe parokia nyingine, wakabishana hapo sebuleni chini ya saa ya ukutani huku mama akiwapimia chai. Wote wawili aliwasikiliza kwa heshima. Jibu lake lilikuwa lilelile. Na kila alipozungumza nami aliniita Mwalimu. Kalete maji, Mwalimu. Kula basi, Mwalimu. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na nilijihisi yatima mbele ya mama yangu mzazi. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mvua za masika zikaja, shule zikafungwa. Nilifika nyumbani asubuhi na mapema, na kabla ya kuingia ndani nikaenda kaburini kumfukuza mbwa. Hakuwa amelala. Alikuwa amesimama pembeni, manyoya yamemsimama, anatazama upande wa kichwani.

Udongo ulikuwa umepasuka. Katika ule ufa palikuwa na kitu cha kijani, kimejikunja na kuchongoka, kirefu kama kidole. Nilijua ni nini. Nimezaliwa kati ya migomba. Wale wanaume waling'oa kitako chote na mizizi yake, wakakiegemeza kwenye mwamba karibu na uso wa ardhi, wakakifukia kwa udongo laini kwa sababu ya mvua, na mgomba hauhitaji zaidi ya hapo. Yote hayo niliyaelewa kwa akili yangu ya kusoma, na bado nilirudi nyuma hatua mbili. Kitu tulichozika badala ya mama kilikuwa kinatoka.

Nilikimbilia panga jikoni. Nilitaka kukikata kabla mama hajakiona, nikifukie, nikisahau. Nilipoinua panga nikasikia pumzi nyuma yangu, ile pumzi yake fupi fupi.

"Usikate."

Alikuwa amekuja mwenyewe kutoka nyumbani, hatua arobaini hivi, na zilimmaliza. Aliketi kwenye jiwe la kaburi la baba, akashika kifua, akasubiri mpaka aweze kusema. Alilitazama lile chipukizi kwa muda mrefu sana. Ukungu ulikuwa ukitupita.

"Lilianza lini?"

Nikasema sijui, ndiyo kwanza nalikuta.

"Tulimlaza hapa mahali pangu," akasema. "Tukamwimbia. Tukamfukia akiwa hai, na hakuna aliyemuuliza." Akaegemea mbele, akagusa ile ncha ya kijani kwa kidole kimoja, kama anavyopima joto la maziwa. "Na amekataa kulala. Sasa mimi nikiendelea kulala, nitamwambia nini?"

Nilikuwa nalia. Panga bado lilikuwa mkononi, nikaonekana kama mwendawazimu.

"Weka hiyo panga chini, Mwalimu," akasema. "Ukamuulize daktari ni hospitali gani."

Ilikuwa Nairobi. Kulikuwa na vipimo, na foleni, na barua za kupeleka huku na kurudisha kule, na mama akawa mwepesi mpaka nikambeba mgongoni kuvuka uwanja wa hospitali, yeye akinielekeza njia. Daktari wa upasuaji, mwanamke mwenye sauti ya chini, alitueleza kwamba valvu imeharibika tangu utotoni, pengine kwa homa ambayo haikutibiwa. Wangemfungua kifua, wausimamishe moyo kwa muda, mashine ifanye kazi yake, kisha wamwekee valvu ya chuma. Mama akauliza kama moyo ukisimama mtu huwa wapi. Daktari akasema kwa ukweli kwamba yeye hajui, yeye hushughulika na kuuwasha tena. Mama alimpenda kwa jibu hilo.

Walipokuja kumchukua aliniita karibu na kitanda. Nilidhani sasa atanisamehe, au ataniita jina langu la siku zote. Akaniambia ule mgomba usikatwe hata kama yeye hatarudi, na niupalilie, niuwekee samadi ya mbuzi wala si ya ng'ombe. Wakamsukuma ndani.

Saa nane nilizokaa kwenye benchi lile sitazieleza, kwa sababu nilikwisha kuzieleza kabla hazijatokea. Kwenye filamu kulikuwa na binti anayengoja nje ya mlango, nikamwandikia maneno mengi ya kusema. Mimi sikusema hata moja. Nilikula andazi la mtu nisiyemjua.

Mama alirudi nyumbani baada ya wiki tano, na dawa za kunywa kila siku saa ileile ili damu isigande. Mchana wa kwanza nilimlaza sebuleni, nikakaa karibu yake nikikunja nguo. Nyumba ilikuwa kimya, na katika kile kimya nikasikia saa. Tik, tik, tik. Niliisikia muda mrefu bila kuiwazia. Kisha nikakumbuka kwamba betri ya saa ya ukutani niliitoa mimi kabla hatujaondoka, nikaitia kwenye tochi. Nikainua macho. Mishale ilikuwa imesimama.

Tik, tik. Ilitoka kwenye blanketi.

Niliinamisha sikio kifuani pa mama, na ilikuwa humo. Ile valvu ya chuma hufunga kwa sauti, na kwa mtu mwembamba kama yeye husikika hata kutoka kwenye kiti cha pili. Nilijua ni nini na bado niliinua kichwa kwa kushtuka. Mama alifungua jicho moja.

"Nami hunisumbua," akasema. "Lakini afadhali nisikie."

Shangazi alipokuja kumwona aliisikia kabla ya kumaliza salamu, akainuka na kikombe chake akaenda kunywea nje. Tangu hapo huja, lakini hukaa karibu na mlango. Sokoni sasa hivi viazi huwekwa mkononi. Watu wanapenda kumsogelea, husimama karibu yake wakijifanya wanachagua nyanya, wakisikiliza.

Mgomba ulikua. Niliupalilia na kuutia samadi ya mbuzi. Mwaka uliofuata, kahawa ikiwa inachumwa, ukatoa mkungu uliowaelemea watu wawili. Nilijua siku hiyo itafika na nilikuwa nimeiogopa. Shangazi akasema hizo si za kuliwa. Mama akaukata mwenyewe, akamenya ndizi, akazipika na maharagwe na kitunguu, na jikoni kukanukia kama siku yoyote ile.

Jioni hiyo aliniambia nimwonyeshe filamu. Hakuwahi kuiona. Nilisema kompyuta haina chaji, akasema ameiona nimeichomeka ukutani. Kwa hiyo tukaketi, sahani yake mapajani, yangu mezani sijaigusa, tukamtazama daktari akiweka chombo kifuani na kufumba macho. Tulimtazama mama akinywa uji mlangoni. Tulimtazama akifa. Kisha ukaja ukungu, na kwaya, na sanduku, na yule mwanamke mwenye sweta ya bluu huko nyuma, anaimba sauti ya pili.

Wimbo ukaisha. Mwishoni niliweka kimya, kamera ikiwa juu ya udongo, sekunde ishirini bila sauti, na mashindanoni watu walilia hapo. Sebuleni kwetu hakukuwa na kimya. Udongo ulikuwa ukianguka juu ya sanduku, na kando yangu, tik, tik, tik.

Skrini ikawa nyeusi. Mama alitazama sahani yangu.

"Inapoa," akasema.

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia nimejaribu kuinua kijiko na mkono haukubali, kwamba kila ndizi naiona ilipotoka, na ni nani aliyechimba.

Alichukua kijiko changu, akaponda ndizi pamoja na maharagwe kama mtu anavyompondea mtoto, akakileta mpaka mdomoni pangu. Ule mkono ulikuwa karibu sana na uso wangu, na moyo wake niliusikia waziwazi, ukifunga na kufungua.

"Kula, Mama," akasema.

Nikala.